Kifuniko Chini ya Kiti

Kila ainuaye kiti cha nyuma cha motokaa yetu huona kibati chenye pembe za mviringo, kimekazwa kwa parafujo kumi, naye hutuuliza: "Mwalimu, hiki nacho ni nini?" Kiwandani hakikuwapo. Tumekitia sisi, na kwa kukitia tulikaribia kuwadhuru watoto wetu wenyewe. Habari yake ni hii.

Motokaa zilizo nyingi hapa Kisangani ni kuukuu. Zimekwisha kutumika Ulaya au Asia kabla ya kutufikia, na yetu ni ya namna hiyo. Katika motokaa za zamani, zile za karbureta, pampu ya mafuta mara nyingi ilikaa nje, ubavuni mwa injini, na fundi aliigusa kwa mkono. Zilipokuja injini zinazopuliziwa mafuta kwa nguvu, pampu ikawa ya umeme, nayo ikazamishwa ndani ya tangi lenyewe. Haikuwekwa humo kwa ujinga, maana esansi inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Esansi ndiyo ile ndugu zetu wa Tanzania waiitayo petroli. Kwetu petroli ni mafuta ya taa, na msomaji asivichanganye viwili hivi, kwa kuwa wako wachuuzi wavichanganyao kwa makusudi.

Basi fikirini maisha ya pampu hiyo katika mji wetu. Esansi hutujia kwa mto kutoka Kinshasa, safari ipatayo kilometa 1,700, au kwa malori kutoka mashariki kwa njia ya Nia-Nia na Bafwasende. Humiminwa pipa hata pipa, dumu hata dumu, mpaka ifike kando ya barabara kwa wachuuzi tuwaitao Kadhafi, wanaoiuza kwa chupa. Njiani huokota kutu, mchanga na maji ya mvua. Maji ni mazito kuliko esansi, hutuama chini ya tangi, na huko chini ndiko pampu inakofyonza. Tena mwalimu hanunui tangi tele. Hununua lita mbili leo, lita mbili kesho kutwa, kadiri mfuko uruhusuvyo. Hivyo pampu iliyoumbwa kukaa majini huishi nusu nje, ikapata moto, ikafa. Twakiri bila kuficha ya kuwa umaskini wetu uliiua pampu ya kwanza kuliko uchafu.

Ilikufa jioni moja ng'ambo ya mto Tshopo, tulipokuwa tukirudi kwa njia ya Buta, mama watoto na watoto watatu wakiwa nyuma. Wao wakarudi mjini kwa pikipiki mbili, sisi tukavutwa kwa kamba. Kesho yake fundi aliinua kiti, akapiga bati la sakafu kwa kidole, akatikisa kichwa. Watengenezaji wengine huacha mlango mdogo mahali hapo ili pampu ipatikane. Wa motokaa yetu hawakuacha. (Hata huko Ulaya yako magari madogo ya mbio, ya viti viwili, yenye kasoro hiyo hiyo, na wenyewe hukata bati kama tulivyofanya sisi.) Ikambidi fundi ashushe tangi zima: afungue bomba la moshi, akate bolti zilizoliwa na kutu, achomoe mipira. Siku mbili zilipita, na ujira wake ukazidi bei ya pampu.

Baada ya miezi minane pampu ya pili nayo ilinyamaza. Hapo tulikata shauri kutoboa.

Fundi alikuja na mashine ya umeme ya kukatia chuma, ile itoayo cheche kama fataki. Tulimzuia. "Mwalimu," akasema, "tangi ni tupu, hamna cha kuungua." Hilo ndilo lililotutisha. Esansi yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke ukifika kiasi cha sehemu moja na nusu katika mia ya hewa, cheche moja yatosha. Ukizidi kama saba na nusu hauwaki, kwa kuwa hewa haitoshi. Kwa hiyo tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke na hewa, bali tangi lililomwagwa jana huweza kuwa na mchanganyiko ule ule utakiwao na moto. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, hutambaa chini hadi kwenye jiko la jirani. Fundi alituona waoga. Hata hivyo alikubali shauri letu: kwa kuwa tangi lilikuwa halina budi kushushwa mara hii ya mwisho, na lishushwe kwanza, matundu yake yazibwe, lipelekwe mbali chini ya mwembe, betri ifunguliwe, ndipo bati liguswe.

Kazi ya kukata hatukumpa yeye. Tulimwita mzee mmoja afuaye majiko ya makaa sokoni, mtu asiyejua injini hata kidogo lakini ajuaye bati kama mama ajuavyo unga. Alituuliza swali ambalo fundi hakuliuliza: mikunjo hii ya sakafu ni ya nini? Ndiyo mifupa ya motokaa, mzee wetu. Motokaa za siku hizi hazina fremu ya chini kama lori, nguvu zake zi katika mabati yenyewe. Akachora kwa chaki kati ya mkunjo na mkunjo, asiuguse hata mmoja. Pembe akazizungusha kwa mdomo wa kikombe. Katika hilo alikuwa na haki kuliko alivyojua, maana waliochunguza ajali za ndege za Comet za mwaka 1954 waliona ya kuwa madini yalichoka, na ufa ulianzia penye pembe ya tundu. Mzee alitoboa kwa keke ya mkono, akakata kwa mkasi wa bati, akalainisha kingo kwa tupa, nasi tukazipaka rangi zisile kutu. Kifuniko alikikata katika mlango wa motokaa iliyokufa, kikizidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Chini yake tulitandika mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Tangi likarudishwa, tukaondoka tukijisifu.

Wiki ya tatu ilikuwa ya mvua nyingi, tukawa twafunga vioo. Mdogo wetu akaanza kutapika kila tufikapo shuleni, na dada yake alilalamika kuumwa kichwa. Sisi tuliyalaumu maharagwe. Mama watoto hakubishana nasi, aliinama, akaweka pua juu ya kiti, akasema, "Baba, watoto wako wananuka garaji."

Tulifungua zile parafujo kumi. Mpira wa baiskeli ulikuwa umevimba na kulegea kama uji, kwa kuwa mpira wa namna hiyo haustahimili esansi. Chini yake, penye mdomo wa tangi, pete ya mpira inayoziba pampu ilikuwa ya zamani. Fundi aliirudisha kwa kubana matumizi yetu, na sisi tulimshukuru. Pete ikishatolewa hutanuka, haikai tena katika mfereji wake. Yamkini ilivuja hivyo tangu pampu ya kwanza, lakini wakati ule harufu ilikwenda zake chini na upepo. Bati tulilolikata halikuwa sakafu tu. Lilikuwa ukuta kati ya esansi na watoto wetu, nasi tuliubomoa kwa ajili ya urahisi wa fundi.

Tuliagiza pete mpya kwa wafanyabiashara waletao vipuri kutoka Butembo. Siku kumi na sita watoto walikwenda shule kwa miguu. Kifuniko tulikiweka tena juu ya gundi nzito isiyoyeyushwa na esansi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuinunue, tulijaza tangi hadi juu kwa fedha za kuazima, tukafunga vioo vyote usiku kucha, na asubuhi tukafungua mlango tukanusa. Hapakuwa na kitu ila harufu ya kitambaa cha kale.

Tangu hapo tumeifungua mara tatu kusafisha chujio, pasipo kushusha tangi, kila mara kwa muda usiotimia saa moja. Jirani waja kutaka tuwaazime mzee wa majiko. Huwaonyesha kwanza ile pete na bei yake, na wengine hawarudi. Mama watoto, kwa upande wake, hampandishi mtoto kabla hajainama na kukinusa kiti.