Maji Yanayoruka na Maji Yanayopumua

Kabla sijaondoka Lubumbashi kwenda Uswisi, kaka yangu mkubwa alinisindikiza hata njiani, akanipa agizo moja. Jueni, wasomaji wapenzi, kwamba nyumbani kwetu tuna bwawa la samaki lenye kina cha mita moja na nusu. Asubuhi moja ya Oktoba, mwezi wa joto kali, tuliamka tukakuta tilapia wengi wanaelea, matumbo juu. Kosa lilikuwa letu wenyewe, maana tulikuwa tumemwaga humo samadi kupita kiasi.

"Mdogo wangu," akasema, "huko uendako kuna maziwa mengi. Uangalie wanavyoyatunza. Fedha za mtambo mmoja tunazo, za miwili hatuna. Tununue ule wa kurusha maji juu, au ule wa kupuliza hewa kutoka chini?"

Neno hilo nilikuwa nalo moyoni nilipofika Geneva. Kandoni mwa ziwa la mji huo maji yanarushwa mita 140 kwenda juu, lita 500 kila sekunde, kwa mwendo wa kilometa 200 kwa saa. Wenyeji wanauita Jet d'Eau. Kumbe asili yake si urembo! Mwaka 1886 palikuwa na nyumba ya mitambo iliyopeleka nguvu ya maji katika karakana za mafundi. Jioni mafundi walipofunga mabomba yao, nguvu ile ilizidi, ikabidi ifunguliwe njia ya kutokea. Watu wakapendezwa na maji yale, hata mwaka 1891 wakayahamishia mahali pa leo, na mtambo wa sasa ni wa mwaka 1951. Nilisimama karibu mno, upepo ukageuka, nikalowa shati zima. Nikawaza: kaka akiyaona haya, hatasikia shauri lingine.

Lakini ziwa lile lina kina cha mita 310. Maji yanachukuliwa juu, yanarudi juu. Huko chini hakuna kinachobadilika. Ni pambo la mji, wala halidai kuwa dawa.

Nikapanda gari la moshi mpaka Luzern, na kutoka pale treni ndogo ya bonde la Seetal mpaka Baldegg. Ni nchi ya ng'ombe na nguruwe. Pale ndipo ilipo nyumba kuu ya masista waliofanya kazi miaka mingi kule Ifakara, Tanzania. Ziwa la Baldegg ni dogo, kilometa tano za mraba tu, lakini lina kina cha mita 66. Nilizunguka nikitafuta mtambo, nisione kitu. Mabomba yamelala chini kabisa.

Ugonjwa wa ziwa lile ulikuwa ndugu wa ugonjwa wa bwawa letu. Samadi ya mashamba na maji machafu ya vijiji yaliingia, yakarutubisha mwani. Mwani ukafa, ukazama, ukaoza, na kuoza huko kukala oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayowapa samaki uhai. Wakati wa joto maji ya moto hulala juu ya maji baridi kama mafuta, hivyo hewa haishuki. Ndiyo sababu tangu mwaka 1982 wanapuliza chini. Wakati wa joto hupeleka oksijeni kwa mapovu madogo sana, yanayoyeyuka humo humo pasipo kuyavuruga maji baridi. Wakati wa baridi hupeleka hewa kwa mapovu makubwa, ili yainue maji ya chini na kuyageuza.

Hata hivyo mwaka 1998 wataalamu wawili, Gächter na Wehrli, walitoa habari isiyopendeza. Miaka kumi ya kupuliza katika ziwa hilo na jirani yake, Sempach, haikupunguza fosforasi inayotoka matopeni. Kuipunguza kulitegemea kuzuia uchafu kule nchi kavu.

Ndugu wa Goma na Bukavu wasidhani kwamba dawa ya Baldegg inafaa kila ziwa. Vilindi vya Kivu vimeshika gesi nyingi za hatari. Kuviinua ovyo kungekuwa maangamizi. Hata katika bwawa refu lililotuama siku nyingi, mwenye mtambo wa chini huanza kwa dakika chache tu kila siku, akiongeza polepole, kwa sababu maji yaliyooza yakipanda yote mara moja yatawaua samaki aliotaka kuwaponya.

Basi nikamwandikia kaka. Povu huinua maji linapopanda, na katika mita moja na nusu halina safari ya kutosha. Kwa bwawa letu anunue mtambo wa kurusha, ila si mrefu na mwembamba kama wa Geneva, bali mfupi, unaotawanya maji kwa upana. Auwashe usiku wa manane mpaka jua lichomoze, maana ndipo oksijeni inapopungua. Mchana mimea ya majini inaitengeneza yenyewe. Na samadi aipunguze kuanzia leo, hata kabla ya kununua kitu.

Jibu lake lilikuwa fupi. Samadi ameacha. Mtambo atanunua. Lakini je, hakuna ruhusa ya kuuwasha kidogo Jumapili alasiri, wageni wanapokuja?