Jino langu si la milele, na sitawadanganya

Wasee, leo sina utani. Gego langu la chini lilipasuka kwa sababu nilifungua soda na meno mbele ya kamera. Video ikatrendi, mimi nikakaa siku tatu bila kulala.

Daktari akanipa njia mbili: ang'oe, ama aniwekee kipande cha seramiki kilichochorwa na kompyuta. Mathe kusikia bei akaniuliza, "Si ung'oe tu? Hiyo pesa ingekurudisha chuo." Hiyo iliuma kuliko jino.

Wiki hiyo hiyo kliniki nyingine ikaniandikia inboksi. Wataniwekea bure, bora niwaambie nyinyi kwamba jino la kompyuta ni la maisha. Manze, nilikaribia kukubali. Lakini niliacha chuo, sikuacha kusoma, so nikaanza kuchimba.

Kumbe hii teknolojia imenishinda umri. Mwaka wa 1985, pale Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, daktari wa meno Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walifikisha mashine yao kwa mgonjwa wa kwanza. Kamera ndogo inapiga picha ya shimo la jino, kompyuta inachora umbo la sehemu iliyotoka, mashine inachonga seramiki, daktari anakigundisha. Unaingia asubuhi, unatoka na jino.

Sawa, lakini miaka kumi baadaye je? Daktari mwingine wa Uswisi, Tobias Otto, alifuatilia vipande 187 alivyoweka yeye mwenyewe, vingine hadi miaka 17. Vilivyoharibika vilikuwa 21. Makadirio yake ya kudumu yalifika asilimia 88.7. Vingi vya vile 21 vilivunjika seramiki yenyewe, vichache vililetwa chini na meno kuoza.

Hayo ni matokeo makali, tena ya mashine za kwanza kwanza. Lakini si milele. Na huyo ni daktari mmoja, na wagonjwa waliokubali kurudi kukaguliwa miaka yote hiyo. Wewe mara ya mwisho kukaguliwa meno kabla yaume ilikuwa lini?

Sisi wa mitandao tunapenda picha za "kabla" na "baada". Baada yetu ni dakika kumi. Baada ya Otto ni miaka 17.

Nikaijibu ile kliniki: mkiniruhusu niseme 21 kati ya 187, tuko pamoja. Kimya mpaka leo. Nikalipa mwenyewe, kwa pesa niliyokuwa nimewekea kamera mpya.

Kwa hivyo mtazidi kuniona kwa hii simu yenye kioo kimepasuka. Lakini kila mwaka tarehe kama ya leo nitawaonyesha hili gego, likiwa zima ama likiwa limevunjika.

Na soda sasa nafungua na opena, kama watu wazima.