Mgeni Achague Mji Gani Huko Brazil?

Vijana wa parokia wanaotaka kwenda Brazil huniuliza: Katika miji yote ya inchi ile, mgeni akae wapi? Wengine wamekwisha kuchagua kwa picha tu, yaani bahari na milima ya Rio de Janeiro. Lakini picha hailipi nyumba.

Kwanza tujue sheria. Tangu mwaka 1997, sheria ya Brazil inampa aliyekimbia vita au mateso ruhusa ya kuomba kimbilio. Akiisha kupewa karatasi ya muombaji, anaweza kufanya kazi huku akingoja jibu. Karatasi ile ina nguvu katika inchi nzima, na hospitali za serikali hazimdai mgonjwa feza. Basi sheria haimfungi katika mji mmoja. Achague kwa akili.

Wengine hupenda Salvador, kwa sababu wengi wa wenyeji wake ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na kati yao walikuwamo watu wa Kongo na Angola. Katika mtaa wa Pelourinho lingali kanisa la Bikira Maria wa Rozari, walilolijenga watu weusi katika karne ya 18. Jambo hilo linafurahisha moyo. Lakini kufanana sura si kupata kazi, na wenyeji wenyewe wanaitafuta kwa shida. Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, jembe liko wapi?

São Paulo haina bahari. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi inauma, na nyumba ni za bei kali. Lakini ni mji wa watu zaidi ya milioni 11, wenye viwanda na maduka mengi, na Wakongomani wamekwisha kutangulia. Katika mtaa wa Glicério, mapadri Waskalabrini wanapokea wahamiaji: wanawapa pa kulala, wanawafundisha Kireno, wanawasaidia kutafuta kazi.

Rio nako kuna Wakongomani wengi, na Karitas ya jimbo kuu inasaidia wakimbizi. Lakini tusisahau Januari 2022: kijana wetu wa miaka 24, aliyefanya kazi ya kulipwa kwa siku, alipigwa mpaka kufa katika kibanda cha biashara kwenye pwani ya Barra da Tijuca. Jamaa yake walisema alikwenda kudai mshahara wake. Uzuri wa pwani haukumlinda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jiulize mambo matatu: Nani atanipokea usiku wa kwanza? Nani atanifundisha lugha? Nani ataniandikia kazi kwa karatasi? Mji unaojibu yote matatu ndio mji wako. Kwa asiye na jamaa kokote, naona São Paulo inajibu vizuri zaidi.

Na ukiisha kufika, usikae kama mpita njia. Nabii Yeremia aliwaagiza Wayahudi waliohamishwa Babilonia wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea mji ule kwa Mungu. Nawe uombee mji utakaokupokea.