Mikono Huja Mwisho

Wiki hii naomba tuiache bajeti ipumue, tuzungumze kuhusu gongo. Sikusudii ile gongo inayopikwa vichakani, bali gongo la mti la mchezo wa besiboli, ambao wengi wetu tumeuona katika filamu za Kimarekani bila kuuelewa. Mimi nilianza kuuelewa nilipokuwa Marekani kwa masomo ya uzamivu. Kilichonivuta si ushindani wa timu, bali swali moja: nguvu ya mpigaji hutoka wapi?

Jicho lisilozoea hujibu upesi kwamba hutoka mikononi, kwa kuwa mikono ndiyo inayoonekana ikikata hewa. Mzee mmoja mweusi, mlinzi wa bweni nililoishi, alinipeleka kwenye uwanja wa mazoezi akaniambia maneno machache tu: “Kijana, mikono isubiri.” Mpigaji huegemeza uzito mguu wa nyuma, kisha hupiga hatua fupi mbele. Kisigino cha mbele kinapogota ardhini mguu hujikaza, na mwili uliokuwa ukienda mbele huzuiwa ghafla. Hapo nyonga huanza kuzunguka ilhali mabega yamebaki nyuma, na kiwiliwili hujipinda kama kamba inayosokotwa. Nyonga zikipunguza kasi, kiwiliwili hupokea. Kiwiliwili kikipunguza, mikono hupokea. Mwisho kabisa ni gongo. Aliyepata kupasua kuni kwa shoka analijua jambo hili kiunoni mwake, hata kama hajalisikia darasani.

Mpigo wenyewe, bila hatua ya mguu, huchukua takribani sekunde 0.15. Mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa kama sekunde 0.4 tangu uachiwe. Toa muda wa gongo, toa na muda wa jicho kuona, kinachobaki cha kuamua ni kidogo mno. Ndiyo maana hatua ya mguu huanza kabla ya uamuzi: mpigaji hujiandaa kuupiga kila mpira, kisha hujizuia kwa ile asiyoitaka. Gongo na mpira hugusana kwa sehemu moja hivi ya elfu ya sekunde. Mikono ikihisi mshindo, mpira umekwisha ondoka.

Kwa miaka mingi makocha walifundisha kwamba gongo lishuke, kama anayekata mti. Ted Williams wa Boston Red Sox alikataa. Mrushaji husimama juu ya tuta, alisema, hivyo mpira huja ukishuka. Gongo linalopanda kidogo hukaa muda mrefu zaidi katika njia yake, na hata aliyewahi au kuchelewa kidogo bado ataupata. Aliyaandika hayo katika kitabu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wengi waliendelea na mafundisho yao, na mjadala ulichukua sura mpya kamera na rada zilipofungwa katika viwanja vyote vya ligi kuu mwaka 2015. Wasomi tunaijua vizuri tabia hiyo.

Williams alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 1941 wastani wake ulikuwa .406, yaani mipigo 406 iliyofanikiwa kwa kila majaribio 1,000, na vitabu vikamwita mtu wa mwisho kuvuka .400. Hapo ndipo nawaomba mnisikilize, hasa ninyi watumishi wa umma mnaoandika taarifa zilizojaa namba. Vitabu hivyo vilihesabu ligi zilizomfungia mtu mweusi mlango hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Josh Gibson, katika ligi za weusi, alifikisha .466 mwaka 1943. Ligi kuu iliiingiza namba hiyo katika kumbukumbu zake rasmi mwaka 2024, miaka 77 baada ya kifo chake. Williams mwenyewe hakusubiri hivyo: alipotunukiwa heshima ya juu ya mchezo huo mwaka 1966, aliitumia hotuba yake kuomba Gibson na Satchel Paige nao wakumbukwe.

Na yupo Hank Aaron. Alikulia katika umaskini huko Mobile, Alabama, akipiga vizibo vya chupa kwa fimbo, na ujanani alishika gongo mikono ikiwa imepishana, wa kushoto juu ya wa kulia, kinyume na kila somo. Hata baada ya kurekebishwa, aliegemea mguu wa mbele kuliko walimu walivyopenda. Lakini viganja vyake vilijua kusubiri. Tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, alipiga mpira wake wa 715 kuvuka uzio na kuipita rekodi ya Babe Ruth. Kwa miezi mingi kabla ya siku hiyo alikuwa akipokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa, kwa sababu tu mtu mweusi alikaribia namba ya mtu mweupe.

Filamu ya usiku ule ipo, nami huwaonyesha wanafunzi wangu. Huwaomba watazame nyonga kwanza, kisha viganja, kisha waendelee kutazama baada ya mpira kupotea. Vijana wawili weupe wanaingia uwanjani na kukimbia kando yake, na hakuna anayejua bado wamekuja kwa heri au kwa shari. Wanampigapiga begani, wanaondoka. Anapomaliza mzunguko, mama yake anamkumbatia shingoni kwa nguvu na hataki kumwachia.