Mizizi Tuliyoinyamazia

Katika stendi ya Kanduyi, Bungoma, vijana huchuuza mukombero dirishani mwa matatu: vifungu vya mizizi ya kahawia, vingine bado vina udongo. Ukitafuna, uchungu hutangulia, kisha unakuja utamu wenye harufu ya vanila. Akina kukhu, bibi zetu, hawakuung'oa mmea huo. Walifukua udongo upande mmoja wa shina, wakakata mizizi miwili mitatu ya pembeni, wakafukia tena. Leo unang'olewa mzima, na hata msitu wa Kakamega umeanza kuukosa.

Siwalaumu vijana hao. Nani aliwafundisha? Kizazi chetu, tuliozaliwa karibu na Uhuru, tuliambiwa shuleni na kanisani kwamba miti shamba ni ushirikina, tukaona haya kuandamana na bibi porini. Nao wajuzi wengi waliificha elimu hiyo wakihofia kuibiwa, wakazikwa nayo.

Tuliponyamaza, wengine waliuliza. Gome la Prunus africana, mti unaoota Mlima Elgon hapa juu yetu, lilianza kufanywa dawa ya tezi dume Ufaransa katika miaka ya 1960. Miti ikachunwa katika nchi kadhaa za Afrika hadi mwaka 1995 biashara yake ikawekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini. Uyoga nao, sisi tulijali obwoba wa kula tu. Ule mgumu wa kwenye magogo tuliupita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton na wenzao wa Ujerumani waliukusanya katika misitu yetu ya magharibi, wakapata ndani yake kemikali zinazozuia bakteria na kuvu maabarani. Hiyo bado si dawa, na anayekuuzia unga wa mizizi akiapa kwamba unaponya kila ugonjwa anakudanganya.

Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na kaunti zina wajibu wa kuyaandikisha. Zitaandika nini ikiwa hatusemi?

Wazee wenzangu wa Bungoma na Kitale, mpelekeni mjukuu shambani likizo hii. Mtajieni mti kwa Kibukusu, mwonyesheni ni jani, gome au mzizi unaotumika, na msimfiche ule unaoua. Aandike. Mvua zikinyesha, pandeni naye mukombero kando ya ua, utambae juu yake.