Kiungulia cha Mama

Leo tunawasimulia yaliyotupata nyumbani kwetu Gihosha, huenda familia nyingine ikafaidika.

Mama yetu alisumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi, na kila Ramadhani kilizidi. Alifuturu sambusa, maharage ya mawese na chai ya moto, kisha akaswali Magharibi tumbo limejaa. Akisujudu, maji makali yalimpanda kooni. Daku alikula saa nane usiku, halafu akajilaza kusubiri adhana. Tukimuuliza, alijibu, "Ni kiungulia tu, wanangu." Tukamkorogea magadi, tukaona yamekwisha.

Siku moja nyama ilimkwama kifuani. Hapo ndipo tulipokumbuka kuwa kwa miezi kadhaa alikuwa hali mkate mpaka auchovye kwenye chai, na nguo zake zilikuwa zimempwaya. Tuliona kwa macho, hatukuuliza.

Hospitali walimpitisha kooni mpira mwembamba wenye kamera, wakachukua kinyama cha kupima. Siku za kungoja majibu hatukulala, kwani kansa ya umio imeenea huku kwetu Afrika Mashariki. Alhamdulillah, haikuwa kansa. Daktari alitueleza kuwa kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga kama kamba ya mfuko. Ukilegea, asidi hupanda. Kwa Mama ilichoma umio mpaka ukafanya kovu na njia ikawa nyembamba. Walimpanua njia, wakampa dawa ya kupunguza asidi, ya kunywa nusu saa kabla ya kula.

Nyumbani tumebadilika. Tunafuturu tende na maji, tunaswali, ndipo tunakula, tena kidogo kidogo. Baada ya chakula cha usiku halali mtu kabla ya saa tatu kupita. Daku tunakula karibu na Alfajiri, tukishaswali tunakaa tukisoma Qur'ani. Kitanda cha Mama tumekiinua kwa matofali upande wa kichwa, kama sentimita 15. Chai tunaiacha ipoe: mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinaleta kansa ya umio.

Wazazi wenzetu, kiungulia cha mara moja moja si cha kutisha. Lakini mzee wako akianza kuchovya mkate, usingoje aseme. Muulize, umpeleke hospitali.