Kimya cha Kichambuzi

Msomaji aliyenyimwa nusu ya kurasa za kitabu hawezi kutoa hukumu ya haki juu yake, hata akili yake ikiwa kali kama wembe. Akisema kwamba hakuona kosa, asema kweli. Walakini kauli yake si ushahidi kwamba kitabu hakina kosa. Kanuni hii, ambayo wahakiki wa fasihi waijua tangu zamani, yawahusu vilevile watu waandikao programu za kompyuta kwa lugha ya C.

Lugha hiyo ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha yenye nguvu na uhuru mwingi, na uhuru huo haumkingi mtu na upotofu wake mwenyewe. Mwandishi akiiamuru kompyuta isome kupita mpaka wa kumbukumbu aliyoitenga, C haimzuii. Kwa sababu hiyo, katika miaka hiyo hiyo na maabara hiyo hiyo, Stephen Johnson alitunga programu iitwayo lint, ambayo kazi yake ilikuwa kusoma programu nyingine pasipo kuiendesha, na kutaja mahali panapotia shaka. Vichambuzi vingi vya leo ni wajukuu wa lint.

Wengi hudhani kwamba kutumia kichambuzi ni kukikabidhi faili na kungojea majibu. Faili ya C, hata hivyo, haijitoshelezi. Kabla ya kufasiriwa kwa lugha ya mashine hupita katika hatua ya matayarisho, ambamo faili nyingine huingizwa ndani yake, majina fulani hubadilishwa kwa maneno yaliyowekewa, na vifungu hubakizwa au hufutwa kwa kufuata masharti. Kompaila, yaani programu ya kufasiri, huelezwa mambo haya kila inapoitwa: faili za kuingizwa zitafutwe wapi, majina gani yafafanuliwe, na mashine gani inakusudiwa. Kichambuzi kisipoelezwa vivyo hivyo, husoma matini nyingine.

Hata namba yaweza kubadilika. Kanuni za C zataka namba ya aina ya int iwe na biti zisizopungua 16. Kompyuta nyingi za leo huipa biti 32. Penye biti 16 namba hiyo haizidi 32,767, na hesabu iliyo salama katika mashine moja hufurika katika nyingine. Jambo hili halitamshangaza msomaji wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, ambamo aghalabu alama moja husimama mahali pa i na e, na nyingine mahali pa u na o. Msomaji huyo hana budi kuijua lugha kabla ya kulitamka neno.

Maandalizi, basi, ni sehemu ya uchambuzi wenyewe. Njia iliyozoeleka ni kuiacha programu ndogo iutazame ujenzi, yaani kazi ya kuzigeuza faili zote kuwa programu moja, na kuandika kila amri ipewayo kompaila: folda, faili na maneno ya amri. Orodha hiyo hukabidhiwa kichambuzi. Hapo pana mtego. Chombo cha ujenzi kiitwacho make, alichokibuni Stuart Feldman mwaka wa 1976, hakirudii kazi iliyokwisha kutendeka. Hujenga tu kile kilichobadilika. Mradi ukiwa ulijengwa jana, leo hapana amri itakayotolewa, orodha itatoka tupu, na kichambuzi hakitakuwa na kosa la kutaja. Dawa yake ni kuyafuta matokeo ya zamani, kuuanza ujenzi upya, kisha kuzihesabu faili za orodha na kuzilinganisha na faili za mradi.

Hasara ya uzembe huu si ndogo. Tarehe 7 Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa kosa lililopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya C inayolinda siri za mawasiliano katika intaneti. Kosa hilo lilikuwamo tangu toleo la 1.0.1, lililotolewa Machi 2012. Mwombaji alitaja urefu wa ujumbe uliopasa kurudishwa kwake, na programu iliuamini urefu huo bila kuupima. Kwa hiyo iliweza kumpa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa ombi moja, na humo mliweza kuwamo nywila na funguo za siri. Waliokuwa hawawezi kupata toleo jipya mara moja walishauriwa kuijenga upya maktaba hiyo huku jina OPENSSL_NO_HEARTBEATS likifafanuliwa, maana jina hilo hukiondoa kifungu chote chenye kosa.

Na tufikiri kichambuzi kilichoandaliwa kwa jina hilo, hali programu itumiwayo na watu imejengwa pasipo jina hilo. Kingeisoma faili mwanzo hadi mwisho, na kifungu chenye hatari kisingekuwamo mbele yake. Ni kweli kwamba hata maandalizi kamili si dhamana. Baadhi ya vichambuzi mashuhuri vya wakati ule havikuweza kulitambua kosa hilo mpaka vilipoongezewa maarifa. Lakini upungufu wa maarifa hurekebishwa na watungaji wa vichambuzi. Upungufu wa kurasa ni dhima ya mwandalizi, na hapana mwingine awezaye kumbebea.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwandalizi mwenye busara hukijaribu kimya kabla ya kukiamini: hutia kosa moja alijualo katika faili iliyo ndani kabisa ya mradi, hukiendesha kichambuzi, na hungoja kuona kama kitalitaja.